Ufunguo wa Choo cha Papa Bahati

Aibu nyingine mtu anaificha mpaka kaburini, lakini hii yangu ilionwa na familia mbili, wapishi, majirani waliochungulia juu ya ukuta wa mawe na mbuzi wanne waliofungwa karibu na mlango, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata huko mtaani Ndosho ikiwa imeongezwa chumvi. Yule muzee aliyesindikizwa chooni kwa vigelegele ni mimi. Mwalimu Paluku, niliyefundisha watoto wa watu adabu kwa miaka zaidi ya thelathini, ndiyo, ni mimi. Mucheke kwanza, mumalize, halafu tuzungumze, maana ndani ya kicheko hiki kuna jambo ambalo lingenisaidia sana kama kuna mtu angenisimulia la kwake mapema.

Mkasa wenyewe ulianza miaka mitatu kabla ya siku ile, kitandani. Nilikuwa naamka kukojoa mara moja usiku, nikasema ni chai. Zikawa mara mbili, nikasema ni baridi ya ziwa. Zikafika nne, siku nyingine tano, nikasema ni uzee, na mutu anashindana na uzee? Nyumba yetu ni ya mbao, choo kiko nje, na kati ya mlango na choo kuna mawe ya volkano yenye meno, kwa hiyo baada ya kuanguka mara moja na kuchubua goti nikaweka ndoo pembeni ya kitanda. Mke wangu, Mama Kavira, akawa anahesabu milio ya ndoo gizani kama anayehesabu kengele za kanisa. Asubuhi ananiambia, «Papa, leo tano. Uende kwa dokta.» Namjibu, «Dokta atanipa ujana?» Naye anageukia ukutani kumalizia usingizi wangu na wake.

Sasa sikilizeni ujinga wangu wa pili. Niko na tansio, ile presha ya damu, na dokta alinipa kidonge kinachotoa maji mwilini, akasema nikimeze asubuhi. Mimi nikaona kikimezwa asubuhi kinaniaibisha mbele za watu mchana, basi nikajipangia mwenyewe kukimeza jioni, pamoja na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, halafu nashangaa usiku ndoo inajaa. (Mwalimu mzima! Hesabu ya kujumlisha nilifundisha, yangu ilinishinda.)

Siku yenyewe ilikuwa siku ya mahari ya Muhindo. Muhindo ni mtoto wa mdogo wangu Kambale, aliyefariki kijana akiwa bado ana mipango mingi. Kambale aliniachia neno moja tu kitandani: «Yaya, uniozeshee huyu mutoto.» (Yaya kwetu ni kaka mkubwa.) Nimemlea, nimemsomesha, akapata kazi ya useremala Ndosho, akapata na Furaha, msichana mwenye akili na kicheko cha kumfanya mtu asahau njaa. Baba yake Furaha, Papa Bahati, ni mtu wa milima ya Masisi, alichunga ng'ombe, akauza jibini, na sasa familia inakaa Mugunga. Ni mrefu, mkavu, na anatazama watu kama anayepima jibini iliyoharibika. Nilikuwa nimeambiwa wazi kwamba hakutaka sana binti yake aolewe na watu wa Butembo, eti sisi tunafanya biashara ya kila kitu. Furaha alimwomba baba yake miezi mingi mpaka akakubali kutupokea, mara moja tu. Na msemaji wa upande wetu, aliyebeba neno la marehemu mdomoni, nilikuwa mimi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo niliandika hotuba, nikasahau kidonge. Asubuhi, tukiwa tunapanda gari la kukodi, nikakikumbuka, nikakimeza pale pale mlangoni. Mama Kavira aliniona. Akasema, «Papa, leo?» Nikamwambia asiniletee mikosi.

Tulifika Mugunga, tukaketishwa chini ya turubai, wanaume wanane wa upande wetu mstari mmoja, wakwe mbele yetu, wamama pembeni. Pale kwao mgeni hapewi maneno kabla ya maziwa. Likaja kopo la mti, refu, limejaa maziwa ya mgando, na msemaji ndiye anayelimaliza, kubakiza ni kusema ng'ombe wa watu hawana maana. Nikalimaliza. Wakapiga makofi. Na mimi, ndani ya suruali ya suti yangu ya kaki (kumbukeni rangi hiyo), nikahisi kidonge na maziwa vikisalimiana.

Papa Bahati, ambaye alikataa kuwa na msemaji kwa sababu alisema mutu aliyeuza jibini maisha yake yote hakopi mdomo, akafungua mazungumzo kwa upole: «Bageni wetu, mumefika salama?»

Hapa ndipo penye kosa langu dogo, dogo kama mbegu ya mtama. Ningeweza kusema, «Tumefika salama, ila naomba choo.» Maneno matano. Lakini niliona haya: msemaji mzima, hata hajaongea, anaomba choo! Ufunguo wake niliuona, ulikuwa unaning'inia kwenye kitambaa kiunoni mwa mama yake Furaha, maana choo kile wanatumia na wapangaji na hufungwa kwa kufuli. Kumwomba mama mkwe ufunguo wa choo kabla hata ya salamu? Kamwe. Nikakumbuka kwamba kwenye mahari upande wa waoaji una haki ya kutoka nje kushauriana. Nikasimama, nikashika koti langu, nikasema kwa sauti ya darasani: «Papa, tunaomba tukashauriane nje.»

Sikuwa nimefikiri kwamba ukiomba kushauriana, hutoki peke yako. Wanaume wote saba waliobaki, Muhindo akiwemo, walinyanyuka wakanifuata. Tukazunguka nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa mawe. Shemeji yangu Kakule, mdogo wake Mama Kavira, mfanyabiashara wa mbao asiyejua kunong'ona, akaniuliza: «Yaya, tuko nashauriana nini? Bametuuliza tu kama tumefika!»

«Geukeni,» nikasema. «Mutazame Nyiragongo.»

Wakageuka wote, mstari mmoja, wakatazama volkano kwa heshima, na mimi nikafanya yangu kwenye mawe. Tukarudi. Nikatangaza: «Baada ya kushauriana, familia inasema imefika salama.»

Mama mmoja nyuma akasema bila kujificha: «Yesu wangu! Hawa batu ba Butembo hata salamu banaipigia bei!» Watu wakacheka, na Papa Bahati naye akatabasamu kidogo. Nikajiambia imepita.

Haikupita. Tukaingia kwenye mahari yenyewe, na hapo muzee yule mkavu akanishangaza. Akasema amesikia kwamba Muhindo ni yatima, na kwamba kwao mutoto asiye na baba hadaiwi kama mwenye baba, kwa hiyo anaondoa ng'ombe mmoja kwenye waliotajwa, kwa heshima ya marehemu Kambale. Alisema jina la mdogo wangu. Machozi yalinijia, nikafungua mdomo nimshukuru, na wakati ule ule, chini, kitu kikabana kama ngumi. Kilichotoka mdomoni ni kile kile: «Papa, tunaomba tukashauriane nje.»

Mutu amekupa ng'ombe kwa huruma, wewe unatoka kushauriana kama anatosha!

Nyuma ya nyumba mambo yalikuwa mabaya zaidi. Ninyi wazee wenzangu mnajua: unabanwa kama bomba la kupasuka, unasimama, halafu hakuna kinachotoka. Unangoja. Linakuja tone. Unangoja. Tone la pili, kama linaomba ruhusa. Wenzangu wakatazama Nyiragongo mpaka shingo zikawauma, na Kakule akasema, «Yaya, hii volkano tutaimaliza.» Muhindo alinitazama tu.

Tuliporudi robo saa imekwisha. Nikashukuru kwa maneno mazuri, lakini yalikuwa yamepoa. Papa Bahati akaniambia polepole: «Mwalimu, nimetoa munyama mumoja juu ya mufu wenu. Munaenda inje kuzungumuza hivyo. Munataka nimutoe na Furaha bure, niongeze na jibini?»

Nikaapa moyoni kwamba sitasimama tena hata volkano ikitoka. Basi Furaha akaletwa. Wamama walimleta wakiimba, amevaa vitenge vya kijani, na kwa desturi yao baba huuliza swali moja tu, mbele ya watu wote, na msemaji hujibu papo hapo kwa sauti, bila kumeza mate, kwa sababu jibu linalochelewa ni dharau kwa binti. Papa Bahati akamshika mkono, akauliza: «Ni huyu munamutafuta?»

Naapa kwamba «ndiye» lilikuwa kwenye ulimi. Lakini nilikuwa nimesimama ili nijibu kwa heshima, na kule kusimama ghafla ndiko kulikoniponza. Nikahisi tone limeanza safari bila mimi. Mdomo ukasema peke yake, kama kasuku:

«Papa, tunaomba tukashauriane...»

Sikumaliza, nikakimbia. Safari hii hakuna aliyenifuata. Nyuma yangu nilisikia Furaha akilia, si kwa sauti, ile ya kuvuta pumzi, na Kakule akisema, «Mungu wangu, muzee amekuwa wazimu.»

Kwenye ukuta wangu wapishi walikuwa wamehamishia masufuria. Nikaenda kwenye choo: kufuli. Nikalitikisa lile kufuli kama mwizi, na pale mlangoni, jamani, sehemu ya shauri ikajipitisha yenyewe. Nilitazama chini. Kwenye kaki kulikuwa na ramani ya Ziwa Kivu, hata kisiwa cha Idjwi kilionekana. Na bado sehemu kubwa ilikuwa inangoja.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilipita kwenye mwanya wa ukuta hadi barabara ya Sake, pikipiki, nyumbani, na Muhindo angebaki pale amekaa na kichwa chini. Ya pili ilikuwa kurudi chini ya turubai. Nikamkumbuka Kambale. Nikarudi.

Papa Bahati alikuwa amesimama, anawaambia vijana wainue mizigo yetu waturudishie. Muhindo alikuwa amepiga magoti mbele yake. Nilisimama katikati, mikono pembeni, sikuifunika ile ramani, nikasema:

«Papa Bahati, musimufukuze huyu mutoto. Hatukushauriana kitu, hata mara moja. Mimi ni mugonjwa wa mukojo. Usiku silali, muchana sishikilii, na nimeona haya kusema. Furaha, binti yangu, unisamehe. Na wewe, mama mukwe, naomba ufunguo wa choo.»

Mlangoni mbuzi waliendelea kutafuna. Halafu Papa Bahati akanikaribia, akanitazama suruali, akanitazama uso, akauliza kwa sauti ya chini, lakini wote walisikia:

«Usiku unaamuka mara ngapi?»

«Ine. Siku ingine tano.»

«Na ikitoka, inatoka na nguvu, ao inadondoka?»

«Inadondoka.»

«Na ukimaliza unasikia kama haujamaliza?»

Kwenye kona ya wamama akasimama Mama Rehema, shangazi yake Furaha, ambaye ni muuguzi kwenye kituo cha afya. Akaweka mikono kiunoni. «Kaka, hayo maswali umeyatoa wapi?»

Papa Bahati akakohoa, akanyoosha koti. «Nauliza tu,» akasema. Kisha akachukua ufunguo kwa mkewe, akauinua juu. «Jibu kwanza! Ni huyu munamutafuta?»

«Ni huyu!» nikapiga kelele, nikaupokonya ufunguo, nikaanza kukimbia. «Ni huyu, papa! Tunamutaka! Jana, leo na kesho!» Furaha akaangua kile kicheko chake huku machozi bado yako shavuni, wamama wakapiga vigelegele, na vigelegele hivyo vikanisindikiza mpaka nikafunga mlango wa choo, na humo ndani bado nikangoja tone.

Faini ilikuwepo, lazima. Papa Bahati alisema dharau tatu zinadai faini, lakini hataki mbuzi. «Faini yako ni hii: Jumatatu utaenda kwa Mama Rehema akupime. Na kwa sababu ninyi watu wa Butembo ni werevu, upande wetu utatuma shahidi aone kama umelipa. Shahidi ni mimi mwenyewe.»

Watu wakasema, huyu muzee ni mkali kweli.

Jumatatu hiyo, kituoni, tukaketi kwenye benchi moja, yeye na mimi, kila mtu anatazama miguu yake. Mama Rehema alinipa kikopo cha mkojo. Shahidi akakitazama kikopo changu. Akatazama dirisha. Halafu akasema taratibu: «Dada, kama viko vingi... unaweza kunipa na mimi kimoja.» Mama Rehema alikuwa amekishika tayari nyuma ya mgongo.

Nawaeleza sasa nilichojifunza, polepole, kama ubaoni. Kuamka usiku kukojoa ni dalili, na dalili moja inaweza kuwa na baba wengi. Kwetu wanaume kuna tezi dume, ambayo madokta wetu huita prostati, inazunguka njia ya mkojo kama pete, na umri ukienda pete inanenepa, njia inabanwa, kibofu hakimalizi kazi. Lakini inaweza pia kuwa sukari ya damu, au ugonjwa wa njia ya mkojo, au moyo, au miguu inayovimba mchana halafu maji yanapanda ukilala, au usingizi mbovu, au dawa, au chai tu. Na wamama wasifikiri hawahusiki: mimba, uzazi mgumu na maambukizi vinawaamsha vilevile, nao wanaona haya kama sisi.

Walinipima mkojo, damu na sukari, wakanifanyia ekografi, ile picha ya tumbo kwa mashine. Dokta akanipima na kidole pia, mahali mnapopajua. Ilichukua muda mfupi kuliko Sala ya Bwana, na sijafa. Yangu ilikuwa tezi iliyonenepa, pamoja na kile kidonge nilichokihamisha saa bila kumwuliza mtu; akasema haoni dalili ya saratani ila nirudi kuangaliwa. Nikarudishwa kwenye kidonge cha asubuhi, nikapewa na dawa ya kulegeza shingo ya kibofu (ukiinuka kitandani, inuka kidogo kidogo, inaweza kuleta kizunguzungu), chai naiacha mapema jioni, alasiri nainua miguu juu ya kiti, na nikimaliza kukojoa nangoja kidogo, najaribu tena. Maji ya mchana sikuambiwa niache. Kukauka si dawa. Dawa ikishindwa kuna upasuaji, sikuuhitaji. Ila Mama Rehema alinishika sikio, akaniambia kwamba damu kwenye mkojo, homa na maumivu, au mkojo kukataa kabisa kutoka, hivyo havingoji kesho.

Na Papa Bahati? Maswali yetu yalikuwa mamoja, majibu mawili: yake ilikuwa sukari. Alikuwa ameificha miaka miwili, anakunywa maji usiku kucha na kutoka nje kwa siri mke asisikie. Mama Rehema alimwambia kwamba angengoja zaidi angeweza kupoteza macho au mguu. Tukiwa njiani kurudi muzee yule alisimama karibu na pikipiki, akasema, «Mwalimu, ungefunga mudomo wako siku ile, mimi ningekufa na heshima yangu.» Amenikubalia kusimulia haya kwa sharti moja, niseme kwamba siku hizi yeye anaamka mara moja na mimi bado mara mbili. Nimesema.

Mama Kavira analala. Ananiambia kimya cha ndoo kilimtisha wiki ya kwanza, alikuwa ananigusa kuona kama napumua. Mimi nimeapa neno «tushauriane» halitatoka tena mdomoni mwangu kwa kazi isiyo yake. Nikibanwa nasema nimebanwa, na wewe unayenisikiliza huku unahesabu za kwako kwenye vidole, nenda ukaseme. Hawatakucheka kama walivyonicheka mimi.

Siku ya harusi nilikuwa msemaji tena, Furaha mwenyewe alinitaka. Nilipoingia uani Mugunga, mama yake alinipokea, na kabla ya «jambo» akaniweka kitu mkononi, kimefungwa utepe wa kijani. Ufunguo. Watu wakapiga makofi. Nikageuka niende, nikamkuta Papa Bahati nyuma yangu, suti mpya, uso wa kupima jibini.

«Fanya upesi,» akasema. «Ukimaliza, unipatie.»

Tukaenda pamoja. Hatukushauriana kitu.